Jahla ya Mlangoni

Maskati, Alkhamisi asubuhi

Dada Zuwena,

"Marehemu, Mungu amsamehe, alikuwa akiwanywesha watu kileo."

Maneno hayo aliyasema Khalfan siku ya tatu ya msiba wako, katika sebule yake, mbele ya watu waliokuja kunipa mkono wa tanzia. Khalfan huyu huyu, mtoto wa ami yetu, aliyetupokea bandarini mwaka ule wa sitini na nne tuliposhuka na mabunda yetu kutoka Unguja. Aliyasema taratibu, macho chini, kwa sauti ya mtu anayekuombea dua. Kitanda ulichooshewa kilikuwa bado kimeegemezwa ukutani kwetu, hakijarudishwa msikitini.

Unanijua. Hujapata kuniona nikisikia neno la upuuzi nikalipisha. Nilisimama pale pale, dele la kahawa likizunguka, nikamwambia, "Khalfan, umemsingizia maiti, na nitakuonyesha uwongo wako umekaa wapi."

Nikaanza. Togwa ni uji, nilimwambia. Unapika uji mwepesi wa unga wa mtama, unauacha upoe, unatia kimea, yaani mtama ulioroweshwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Kimea kinaulegeza uji na kuutia utamu bila ya sukari. Ukiunywa siku hiyo hiyo umekunywa uji mtamu wa baridi, basi. Mwanamke aliyejifungua anapewa ili apate maziwa. Mgonjwa anapewa. Ukiuacha siku mbili unachacha, na ukichacha unamwagwa. Nikamuuliza, hizo tende mnazorowesha nyinyi majumbani mwenu mkanywa maji yake asubuhi, zikiachwa siku tatu katika joto la hapa zinakuwa nini? Mbona hatujasikia mtu akiita nyumba zenu vilabu? Nikawatajia hukumu zilizomo katika vitabu vya fiqhi, neno kwa neno, na wazee wawili waliosoma wakatikisa vichwa kukubali. Nikamalizia kwamba kosa la dada yangu machoni pake halikuwa kinywaji. Kosa ni kwamba kinywaji kilitoka Unguja, na kila kinachotoka Unguja, hata sala zetu, wao waliozaliwa hapa lazima wakinuse kwanza.

Nilishinda, Dada. Khalfan aliinuka kama anayekwenda kuongeza ubani katika chetezo, na chetezo kilikuwa kinafuka moshi tele.

Kisha nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikakaa chini penye kulabu uliyokuwa ukitundikia ile jahla, mtungi wako wa udongo, nikalia kilio ambacho sikulia makaburini. Maana nilikuwa nimeitetea togwa, na nimeitetea vizuri. Wewe sikukutetea. Khalfan hakuwa anazungumza habari ya vitabu. Alikuwa anaizungumzia Ijumaa moja, na juu ya Ijumaa ile sikufungua mdomo, wala siku ile yenyewe, wala mwaka mzima na nusu uliobakia wa uhai wako.

Leo naufungua. Lakini niache kwanza nikupe habari za nyumbani, kwa sababu ukisikia nimekuja moja kwa moja kwenye ugomvi utasema, "Nassor we, hata salamu hunipi?"

Nyumba ipo. Bawaba ya dirisha la jikoni imeng'oka na sijaitengeneza. Yule mama muuza samaki wa Sidab bado anavuka mlima na kikapu chake kichwani, na wiki ile ya kwanza hakuna aliyemwambia, akaja akakuita mlangoni kwa Kiarabu chake cha pwani, "Zweina! Toka, leo nna kolekole!" Nilitoka mimi. Aliniangalia usoni, akaelewa. Alikitua kikapu, akakaa kizingitini. Alipoondoka aliacha samaki wawili juu ya jiwe la mlango, na nilipomfuata kichochoroni akanifukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku.

Darasa langu lipo pia, katika kile chumba cha nyuma cha ghala ya Khalfan. Nawasomesha watoto hesabu na kusoma. Hajanifukuza. Nafikiri anamwogopa baba yake, Ami Salum, ambaye bado anaulizia habari za darasa kila siku ingawa hatoki tena chumbani. Habari za Ami Salum nitakueleza. Ndizo zilizonikalisha kuandika.

Nguo zako nimezitoa. Kanga ile ya rangi ya zafarani sikuitoa. Na kata yako ipo.

Unakumbuka melini? Watu walitoka na dhahabu zimeshonwa ndani ya nguo, na hati za mashamba ambayo hawatayaona tena. Wewe ulifungua bunda lako siku ya pili ya safari, nikaona kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, na kifuko cha kimea. Nilikubeza mbele ya watu. Nilisema, "Tumepoteza nchi, na dada yangu ameokoa upawa." Ulinitazama ukacheka, ukasema, "Ngoja ushikwe na kiu." Ndiyo maneno yako yote.

Kiu ilitushika, wala si ya maji. Tulikuta jamaa wanaotuita Wazinjibari, wanaocheka Kiarabu chetu, wanaotuuliza kama huko kwetu tulikuwa tunafunga Ramadhani kweli. Tulikuta watu wa meli yetu wamelazwa watano watano katika vyumba vya jamaa wasiowajua, watu wazima waliokuwa makarani na walimu na wenye maduka, sasa wanakaa ukutani wakingoja waitwe kula. Na mimi niliyekuwa nikiandika gazetini kila wiki nikamtoa jasho nani na nani, nilikuja mji usio na gazeti hata moja. Nilikuwa nazunguka humu ndani nikigombana na kuta.

Wewe ukapika. Wala hukuita mkutano. Ijumaa ya kwanza tuliyopata nyumba yetu ulipika wali wa nazi, kwa nazi za Malabari zilizouzwa Matrah, na mchuzi wa samaki wa ukwaju, na mbaazi. Ukatengeneza togwa. Ukamwambia kila uliyemjua, na waliokuja wakawaambia wengine. Nawaona mpaka leo wanavyoishika bakuli kwa mikono miwili. Yule mwalimu mzee wa Ng'ambo alikunywa nusu, akaiweka chini, akatoka nje akasimama kichochoroni peke yake mpaka alipoweza kurudi.

Mwaka wa kwanza uliharibikiwa mno. Unguja tulikuwa tunapika Alkhamisi jioni, tunakunywa Ijumaa mchana, na inakuwa tamu kuliko ilivyopikwa. Ukafanya vivyo hivyo hapa, na adhuhuri ikifika jahla inatokwa na povu na harufu ya kupanda kichwani. Ulimwaga na kumwaga. Siku moja mbuzi wa jirani aliilamba ile ya kichochoroni, akalala katikati ya njia, na watu wakawa wanamruka. Wenzetu wengine waliacha kabisa, wakasema mtama wa hapa mbaya. Wewe ulisema mtama hauna kosa, saa ndizo mbaya, tumekuja na saa za Unguja katika joto la Maskati. Ukaanza kuamka kabla ya alfajiri. Uji unaiva kwa adhana, kimea kinaingia jua likichomoza, watu wanakunywa wakitoka msikitini, na ikifika alasiri kilichobaki kinamwagwa, hata kama ni jahla nzima, hata kama mtu analilia. Hiyo ilikuwa sheria yako na hukuivunja. Nataka iandikwe mahali kwamba kwa kusudi hukuivunja hata mara moja.

Sasa Ijumaa ile.

Moza, binti yake Khalfan, alikuwa amekuja kwa baba yake kujifungua, kama ilivyo ada, na mtoto alizaliwa salama lakini maziwa hayakutoka. Siku tatu mtoto analia. Mama yake Moza alikuja kwetu mwenyewe, usiku wa kuamkia Jumanne, bila ya barakoa, akasema, "Zuwena, nisaidie." Ulihamia kule, kama ulivyowahamia wazazi wengi wa mtaa huu uliowazalisha. Jumanne, Jumatano, unapika togwa ndogo ya kumpa Moza, unamkanda kifua kwa maji moto, unamshika mtoto. Jumatano jioni maziwa yakaja mpaka yakalowesha mto. Ulirudi na mabaki ya togwa uliyoipika jioni hiyo, ukaitia katika jahla ya mlangoni ili ipate upepo, ukalala. Ulilala siku nzima ya Alkhamisi kama mgonjwa. Ndiyo maana haikumwagwa. Ndiyo siku moja tu, na uliilala kwa ajili ya nyumba ya Khalfan.

Ijumaa alfajiri uliamka, ukapika ya wageni, ukaitia katika mtungi wa jikoni. Ukaniambia, "Nassor, ile ya jahla ya mlangoni imwage, imekwisha chacha."

Nilikuwa naandika. Gazeti moja la Mombasa lilikuwa limetufikia limechelewa miezi miwili, na ndani yake mtu mmoja aliandika kwamba sisi tuliokimbia tulistahili. Nilikuwa katika ukurasa wa saba wa kumjibu. Kalamu ilikuwa inakimbia. Uliniita tena kutoka jikoni, "Umeimwaga?"

Nikasema, "Naam."

Sikuinua hata kichwa. Sikukusudia uwongo, nilikusudia kwamba nitakwenda sasa hivi. Lakini nilisema naam, na wewe ukaniamini, ukaendelea kukuna nazi. Jibu lile halikuchapishwa, Dada. Sikupata hata kulipeleka. Limo katika sanduku hapa, kurasa kumi na moja, nimelisoma juzi. Ni zuri.

Watu walitoka msikitini wakaja. Wanaume kwenye ukumbi wa mbele, wanawake ndani kwako. Khalfan alikuja na baba yake, mara ya kwanza Ami Salum kukanyaga kwetu siku ya chakula. Na kabla wali haujashuka tulikwishaanza mjadala, mimi na Khalfan, kama watoto wa Kizinjibari wasomeshwe Kiswahili au waachishwe. Nilikuwa nimembana. Ukaniita, "Njoo uchukue togwa ya wanaume, mtungi huu hapa jikoni." Nikaona nikienda mpaka jikoni nitapoteza zamu yangu ya kusema. Jahla ya mlangoni ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikanyanyuka nikiwa bado nasema, nikaitungua, nikaanza kuwajazia.

Na hili sijamwambia mtu. Niliionja. Nikaona imekuwa kali. Nikaita sukari, nikaitia, nikakoroga, nikaendelea na hoja yangu.

Ami Salum alikuwa na kiu, ametembea juani. Alikunywa bakuli tatu, moja baada ya moja, tumboni hamna kitu. Wali ulipoletwa alikuwa anacheka. Mwanzo tulifurahi, maana nani alipata kumwona yule mzee akicheka? Akaanza kutuhadithia Pemba alikoishi ujana wake, akaimba nyimbo za wachumaji karafuu, na nyingine si za kuimba mbele ya mwanawe. Watu wakapiga makofi. Akasimama atuonyeshe walivyokuwa wakicheza, fimbo ikateleza, akamwangukia Khalfan, kilemba kikatoka kikabingirika juu ya sinia la wali. Kichwa chake kitupu, cheupe, mbele ya watu wote wale. Alikuwa bado anacheka.

Khalfan alichukua bakuli ya baba yake, akainusa. Akauliza, "Nani katengeneza hiki?"

Ulikuwa umetoka jikoni kwa kusikia kelele. Ulisimama mlangoni na ushungi wako. Uliiona jahla karibu na goti langu, uliiona kata mkononi mwangu, na ukajua yote pale pale. Nilifungua mdomo. Ulinitazama kwa jicho lile ulilokuwa ukinitazamia nikiwa mdogo tukiwa ugenini, ukasema, "Mimi, Khalfan. Ni mkono wangu. Imenichachia, niwie radhi."

Baadaye jikoni nilikwambia nakwenda kumweleza. Ulinishika mkono. Ulisema, "Nyamaza. Mpishi akiharibu ataitwa mpishi mbaya. Mwalimu akiwapa watu kilichochacha, nani atamletea mtoto wake? Darasa limo ndani ya ghala ya Khalfan." Ukasema tena, "Ulimi wako umetuvunjia majumba mangapi, Nassor? Leo ufunge kidogo."

Maisha yangu yote watu wameniomba ninyamaze, na sikumtii hata mmoja. Wewe nilikutii, siku ile. Niliona ni heshima kwako. Ilikuwa nafuu kwangu, na niliiita heshima.

Huna haja ya kuhadithiwa yaliyofuata, uliyaishi. Wiki iliyofuata ulipika wali wa watu thelathini, wakaja wanne. Ulikuwa umewapelekea majirani wanawake bakuli zako za bluu na chakula ndani, kama kawaida yako, na tangu tuzaliwe hatujaona kwetu mtu akirudisha chombo cha jirani bila ya kutia kitu, hata ndimu mbili, hata fungu la mrehani, hata chumvi. Zilirudi tupu. Moja moja, zimeoshwa, zimeletwa na watumishi, ndani hamna hata punje. Ulizipanga juu ya rafu zimefudikizwa. Hukuzishusha tena.

Na wanawake wale, Dada! Wao walikunywa ya mtungi wa jikoni. Ilikuwa ya alfajiri, tamu kama asali, na watoto wao waliinywa wakaenda kucheza. Walijua. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumwambia mumewe, "Mbona sisi yetu ilikuwa uji?" Nimewachukia kwa hilo zaidi kuliko ninavyomchukia Khalfan, kisha nakumbuka kwamba mimi nilijua kuliko wao wote, chuki inakwisha nguvu.

Hukutengeneza togwa tena. Ulikuwa unanitengenezea maji ya ndimu ya mtu mmoja. Ijumaa tulikaa sisi wawili na chakula cha wawili, na ukiniona nataka kusema ulikuwa unaniwahi, "Kula, samaki anapoa." Homa ilipokupata ilikuchukua siku tisa. Siku ya saba ulitaka togwa. Ulisema, "Kijiko kimoja tu, nilowanishe ulimi." Nilijaribu. Uji wangu ulikuwa wa moto mno, kimea kikaungua, ukabaki uji mzito wa kubandikia karatasi. Nilikuletea hivyo hivyo. Uliuonja ukasema, "Si mbaya." Dada, ulikuwa mbaya.

Walikuja wanawake watano kukuosha. Kwa Bibi mmoja aliyezalisha nusu ya mtaa huu, watano. Mama yake Moza hakuwamo.

Sasa habari ya Ami Salum. Wiki tatu zilizopita aliniita. Nilimkuta amelala, mwili wote umekuwa mdogo kama wa mtoto. Alimtoa kila mtu nje. Aliniambia kwamba tangu Ijumaa ile hajatoka mbele za watu kwa haya, na kwamba amefunga saumu nyingi kwa uzee wake huu, na bado hana uhakika kama amesamehewa. Miaka themanini, anasema, hajapata kuonja, na mwisho wake akaonja na akaimba. Akaniuliza, "Zuwena alijua? Nambie kweli, mwanangu. Alinipa akijua?" Alisema alitaka kukusamehe kabla hajafa, lakini kwanza alitaka kujua anakusamehe nini.

Mimi mwenye hoja nilikaa pale nimeshika kofia yangu. Nilimwambia, "Hakujua, ami." Nikaondoka kabla hajauliza tena. Nilifika mpaka kwenye lango kubwa la mji nikiwa sijui naelekea wapi. Nusu ya kweli tena! Nilikuwa nimekuosha nusu na kukuacha nusu, kwa mara ya tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza kuitengeneza. Utacheka. Kimea changu cha kwanza kiliota ukungu, maana nilikimwagia maji kama bustani. Cha pili hakikuchipua, mtama ulikuwa wa zamani, nikagombana na muuzaji Matrah mpaka watu wakakusanyika. Cha tatu kilikubali. Nilikifunika kwa gunia bichi kama ulivyokuwa ukifanya, na siku ya pili nilipolifunua vile vimizizi vyeupe vimetoka vyote, nilikuita. Kwa jina, kwa sauti. Nilisahau.

Nikaikumbuka na ile njia yako ya kupima joto: unatia kidole katika uji, unasoma sura ya Qul huwa-llahu, na kama umeimaliza bila ya kukurupuka ndipo unatia kimea. "Usiisome mbio kwa kuogopa," ulikuwa ukisema, "huo si msahafu wa kushindana." Jana alfajiri niliisoma pole pole, kidole kimo ndani, nikatia kimea, nikaona uji unalegea mbele ya macho yangu, unateremka katika kata kama maji. Nilikunywa bakuli moja. Ilikuwa yako. Iliyobaki niliimwaga alasiri.

Basi kwa heri, Dada yangu. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, na nilikulipa kwa naam moja nisiyoifikiria na kimya kirefu nilichokifikiria sana. Mungu akupanulie kaburi lako, akunyweshe kinywaji kisichochacha. Nakuahidi mambo mawili. Jahla yako haitapitisha alasiri mikononi mwangu. Na barua hii sitaiweka katika sanduku pamoja na zile kurasa kumi na moja. Leo baada ya adhuhuri nitaanza kwa Ami Salum, nimsomee kitandani pake, kila neno, na la sukari pia, na nimwambie kwamba hana dhambi ya kitu asichokijua, na kwamba wa kusamehewa ni mimi. Kesho nitaisoma katika sebule ya Khalfan, watu wakitoka msikitini. Darasa likienda, liende. Nitasomesha ukumbini kwetu, chini ya kulabu.

Na sasa nawageukia mtakaoisikia.

Khalfan, ulilisema lile neno mbele ya watu wa tanzia. Lirudishe mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, na kama unataka jina la kuweka mahali pake, langu ni Nassor. Moza, mwanao anatembea sasa. Simama umwambie baba yako maziwa yaliyomkuza yalitoka wapi, na mimi sitasema kwa niaba yako. Na nyinyi bibi zangu wa mtaa, mliokunywa ya mtungi wa jikoni mkanyamaza: nikimaliza kuisoma barua hii nawaleteeni zile bakuli za bluu mimi mwenyewe, mlango kwa mlango, na togwa ya alfajiri ndani yake. Inyweni kabla ya alasiri. Kisha bakuli za Zuwena zirudisheni nyumbani kwake, na safari hii tieni kitu ndani.